Mvuke wa Mkaratusi Adimu

Mkaratusi sijawahi kuuonea huruma, na sioni nitaanzia wapi. Kwetu magharibi mwa Kenya ni mti wa watu wenye haraka. Unaupanda, unageuka kidogo, tayari ni nguzo. Unakunywa maji ya jirani bila kupiga hodi, na chini yake hapaoti maharagwe wala magugu yenye kujiheshimu. Wazazi wetu walipokufa, mmoja baada ya mwingine, kila aliyekuja kutupa pole alisimama kwenye mpaka wa shamba, akashika kiuno, akautaja mkaratusi kwa jina la kwetu, "Pandeni blugamu hapa, watoto. Zitawasomesha." Kisha akanywa chai yetu akaenda zake. Sikupanda. Nilipanda sukuma na kunde, nikafuga mbuzi wa watu, nikawasomesha wadogo zangu wawili kwa hizo. Mimi mwenyewe shule nilikuwa nimeiacha kidato cha kwanza, na hakuna aliyekuja kuniuliza kama niliipenda.

Sasa fikiria mtu wa namna yangu anafika Qatar, nchi ambayo mchanga unaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa, anapata kazi ya kutunza nyumba kwenye shamba la mzee mmoja huko Umm Salal, na kitu cha kwanza anachoonyeshwa, kabla ya chumba chake, kabla ya jiko, ni mkaratusi.

Mzee huyo tunamwita Baba, kama wafanyakazi wote wanavyomwita mwenye nyumba. Alinisimamisha mbele ya ule mti akaniambia kwa Kiarabu cha polepole kwamba huu hauguswi. Nikasema sawa, Baba. Moyoni nikasema, nani atake kuugusa?

Ulikuwa kichekesho. Si mkaratusi ule tunaoujua, mrefu, mnyoofu, wenye majani kama visu. Huu ulikuwa kichaka cha kimo cha mtu, umelala upande mmoja, matawi yake yanatambaa juu ya mchanga kama mlevi anayetafuta kiatu. Majani yake yalikuwa ya duara, ya rangi ya fedha, mazito, hayana kikonyo, yamekumbatia tawi mawili mawili. Kwenye kibao cha plastiki kulikuwa na jina lake la Kilatini, Eucalyptus rhodantha, ambalo Baba alilitamka kama mtu anayetaja jina la mama yake. Wafanyakazi waliuita kilema.

Kwao hasa ni Australia, upande wa magharibi. Baba zamani alikuwa mfanyabiashara wa kondoo, wale wanaoletwa wazima kwa meli, na alikuwa akienda kule kuwachagua mwenyewe. Mkulima mmoja wa huko alimpeleka shambani kwa gari, wakasimama kando ya uzio kwa haja ndogo, na hapo ndipo Baba alipouona, umechanua. Maua mekundu makubwa kama kiganja, yameinamisha vichwa kuelekea chini. Miaka mingi baadaye, alipowaachia watoto biashara, aliandika barua, akatafuta vibali, akaletewa mbegu. Miche ilikufa. Akaletewa nyingine. Ikafa. Akabaki na huu mmoja.

Alinionyesha picha za huko kwao na mti kwenye simu yake, mara nyingi kuliko nilivyotaka. Nilitarajia msitu. Nikaona kilima ambacho kwetu kisingepewa hata jina, mchanga wa manjano, kokoto nyekundu ngumu kama maharagwe yasiyoiva, vichaka vya kufika kiunoni. Kuzunguka kilima hicho, ngano, ngano, ngano mpaka mbingu inapogusa ardhi. Wakulima walifyeka kila kitu wakapanda ngano, Baba alisema. Miti hii ikabaki kwenye vilima vichache na kando ya barabara, mahali plau ilipovunjika.

"Yaani umebaki kwa sababu hakuna aliyepataka," nikasema.

"Kabisa," akajibu, amefurahi kana kwamba nimeusifu.

Akanieleza pia kwamba moto ukipita huko, mti unaungua wote juu, na chini ya mchanga kuna nundu ya mzizi ambayo inatoa machipukizi upya. Ndege wenye ndimi ndefu huja kunywa asali ya maua yake. Udongo mzuri hautaki. Mbolea haitaki. Maji mengi yanauua. Nilimsikiliza nikifikiria, huu ni mti au ni mama mkwe?

Baba alikuwa amewatengenezea wafanyakazi adhabu ya kuujengea kwao papo hapo Umm Salal. Lori zilileta mchanga, ukachekechwa, ukachanganywa na kokoto, ukarundikwa kama kaburi la jitu ili maji yasituame. Upande wa upepo alisimamisha ua wa makuti. Mpira mmoja mwembamba wa maji ulidondosha tone, ukapumzika, ukadondosha jingine. Mitende jirani ililishwa samadi ya mbuzi mpaka ikanenepa. Kilema hakikupewa kitu, na tuliambiwa huko ndiko kukipenda. Kila Ijumaa baada ya alasiri Baba alikuja kutoka nyumba yake ya mjini, akawekewa kiti, akanywa kahawa akiutazama. Mti haukuwahi kutoa ua hata moja.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka nilipomleta mdogo wangu.

Mdogo wangu ana diploma ya usimamizi wa biashara. Aliipata, tukachinja kuku, halafu akakaa nayo nyumbani akisubiri biashara ije imwombe aisimamie. Nilimwombea kazi kwa Baba, kazi yoyote. Baba aliniuliza, "Ni mtu wa kusikia?" Nikasema ndiyo. Akaja kwa kipindi cha majaribio, kusaidia bustanini. Bataka yake, yaani kile kitambulisho ambacho bila hicho hapa wewe ni mzigo usio na mwenyewe, ilikuwa bado haijatoka. Ilitegemea neno la Baba mwisho wa majaribio. Akikubali, mdogo wangu anakaa, na ada ya mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa chuo cha uuguzi, tunaibeba wawili. Akikataa, ni tiketi, na mimi naendelea kubeba peke yangu kama nilivyobeba tangu tulipofukia kaburi la pili.

Alipofika alianza kusahihisha. Mitende imepandwa karibu mno. Mpira umepitishwa vibaya. Chai yangu ina majani mengi. Mganda mmoja, mtunza bustani mwenye umri wa kuwa baba yake, alikuwa akimsikiliza akitikisa kichwa. "Nyabo," aliniambia, yaani bibie kwa lugha yao, "huyu ndugu yako alisomea kuongea?"

Kwa kilema alicheka mpaka akashika ukuta. "Hii? Dada, hii ni blugamu iliyokosa mwenyewe. Kwetu mtu akiacha blugamu ilale hivi, majirani wanajua huyo ni mvivu."

"Haiguswi," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Sijakuuliza kama umesikia. Nimesema haiguswi."

Baridi ilipoingia, ile ya Januari inayowashangaza wageni wanaodhani Qatar ni jiko, mafua yakapita shamba lote. Mganda ndiye aliyepigwa zaidi. Alikohoa kama trekta. Baba naye alishikwa akiwa mjini. Na katika wiki hiyo hiyo ya makamasi, kilema kikatoa vitumba. Vilikuwa vya kijivu, vina vifuniko vyenye ncha, vimening'inia kwenye matawi ya chini kabisa, yale yanayotambaa. Nilimpigia Baba kwa video, nikaelekeza simu kwenye mchanga kama mjinga. Mzee akapiga chafya. Kisha akaniambia nimwonyeshe tena. Tangu hapo kila asubuhi ilikuwa hivyo, mimi nimepiga magoti kwenye kokoto na simu, yeye kitandani na leso. Kimoja kilianza kupasuka kifuniko, pakaonekana wekundu mdogo. Akaalika wazee wenzake wa biashara ya kondoo waje Ijumaa.

Alhamisi mchana nilikuwa jikoni nasafisha mchele wa wageni, nikasikia harufu. Kila mtu wa kwetu anaijua. Ni harufu ya utotoni, ya blanketi zito na sufuria inayochemka, mama anakukamata shingo usitoroke. Nilitabasamu kwanza, na ninajidharau kwa tabasamu hilo. Kisha nikajiuliza, mkaratusi wameutoa wapi?

Nilikwenda chumba cha wafanyakazi mbio. Katikati ya sakafu kulikuwa na kilima cha blanketi kinachotoa moshi.

"Funga mlango, mvuke unatoka!" kilima kikasema.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, nyabo," ikajibu sauti ya Mganda kutoka ndani. "Nakufa vizuri."

Blanketi likainuka upande mmoja, uso wa mdogo wangu ukatokea, unatiririka jasho, umejaa wema. "Dada, karibu. Kama una mafua ingia, nafasi iko."

Nilitazama ndani ya sufuria. Majani yalikuwa yanaelea, ya duara, ya rangi ya fedha, mawili mawili. Na kati yao kitumba kimoja, kimeiva kama kiazi.

"Haya umetoa wapi?"

"Wapi kwingine? Blugamu ya mzee. Nimeipunguza matawi ya chini."

"Umeipunguza."

"Si unajua vile ilikuwa imelala? Na kesho kuna wageni. Nimeinyoosha, Dada. Enda uone."

Nilienda nikaona. Kilema kilikuwa kimegeuzwa nguzo. Tawi moja limesimama wima, limechongwa safi kuanzia chini mpaka kifuani, na juu kabisa kashungi ka majani kama mswaki. Kwetu mdogo wangu angesifiwa. Hakuna tawi alilolichana. Kila jeraha alilipaka tope ili lisikauke. Vitumba vyote vilikuwa kwenye matawi yale ya chini. Juu hapakuwa na hata kimoja.

Alinifuata, blanketi mabegani kama chifu. "Sasa unaona? Hata inapumua."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu mdogo wetu wa mwisho atayasoma haya. Nilipomaliza alikuwa ameelewa. Alikaa chini kwenye kokoto, na chifu akatoka ndani yake, akabaki mtoto niliyemfunga kamba za viatu.

"Atanirudisha?"

"Unadhani atakupa cheo?"

Msimamizi wa shamba alikuja kuona kelele ni za nini. Huyu ni mtu wa pwani ya Kenya, amekaa Doha miaka mingi, anavaa kanzu iliyopigwa pasi hata akienda kukagua zizi. Mbele ya Baba anatembea kama amevunjika mgongo, na Baba akiondoka mgongo unapona. Alitazama nguzo, akatazama mdogo wangu, akashika ndevu.

"Mambo haya ni ya kusitiriana," akasema. "Matawi mmechemsha yote?"

Nusu ilikuwa bado imelundikwa nyuma ya chumba, kwa ajili ya kujifukiza jioni. Akayaleta kwa wilbaro, akakunja mikono ya kanzu, akaanza kuyachomeka mchangani kuzunguka nguzo, moja moja, akirudi nyuma kutazama kama fundi wa maua ya harusi. Mdogo wangu akaanza kumsaidia. Na kweli, ukisimama mbali, kilema kilikuwa kimerudi.

"Mzee macho yake mabovu," msimamizi akasema. "Ijumaa ipite tu. Baadaye tutasema umekauka kwa baridi."

"Macho yake ni mabovu kwako," nikamwambia. "Huu mti anaujua jani kwa jani. Nimekuwa nikimwonyesha kila asubuhi kwa simu."

"Basi tuseme mbuzi. Mbuzi walitoka, wakaula. Nani atamhukumu mbuzi?"

"Mchungaji amekwenda likizo. Zizi liko mikononi mwa nani wiki hii?"

Mikono ilikuwa yake. Aliishusha ile ya kanzu taratibu, akapangusa mchanga. "Dada yangu, mimi nilitaka kukusaidia wewe. Ndugu ni wako."

"Ndiyo, ni wangu."

Nikaanza kung'oa matawi. Mdogo wangu alinishika mkono, si kwa nguvu. Alisema, "Dada, tafadhali. Acha yakae tu hadi kesho. Nikirudi nyumbani watu watasema nini?" Nilimtazama. Alikuwa amebeba diploma na hofu ya majirani, vitu viwili visivyolisha mtu. Nikamwambia, "Mimi nilimwambia Baba wewe ni mtu wa kusikia. Huo ni uongo mmoja. Sitaongeza wa pili." Nikang'oa yote, nikayarudisha kwenye wilbaro. Jua lilikuwa tayari limeanza kuyanyausha.

Ijumaa, ambayo hapa ndiyo siku ya mapumziko, huwa tunakwenda ibada kanisani Abu Hamour, mimi na mdogo wangu, kwa basi la kanisa linalopitia Al Rayyan kuchukua wengine. Siku hiyo hatukwenda. Nilimpigia pasi shati jeupe. Nilimfundisha la kusema: Baba, nimekosea, nisamehe, nipe kazi yoyote. Hilo tu. Nilimfanya arudie kama shairi la siku ya wazazi shuleni.

Baba alikuja mapema, kabla ya swala ya Ijumaa, shali imezungushwa mpaka masikioni, pua nyekundu. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mti, na sisi nyuma yake, msimamizi akiwa nyuma ya wote. Alisimama. Sikuwahi kumwona mtu akisimama hivyo isipokuwa mbele ya kaburi, na nilikasirika, kwa sababu yangu yalikuwa makaburi kweli na yake kilikuwa kichaka. Aliinama akagusa tope kwenye majeraha.

"Nani?"

Nilimsukuma mdogo wangu mbele. Akafungua mdomo. Shairi likapotea.

"Dada, mwambie mti ulikuwa umelala," akaninong'oneza. "Mwambie kwetu blugamu inayolala ni aibu."

"Anasema umsamehe," nikamwambia Baba kwa Kiarabu changu cha jikoni.

Lakini Baba anajua Kiingereza, na mdogo wangu ana diploma, basi wakaniruka. Alimweleza yote mwenyewe, namna tunavyopunguza matawi, namna mti unavyopanda juu ukinyooka, namna alivyotaka wageni waone shamba linalotunzwa. Alieleza kwa mikono. Akafika mahali hata akaanza kujisifu, nikamkanyaga kidole.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kule kwao unalala. Upepo unaulaza, na matawi ya chini yanaukinga mchanga wake na jua. Haukuwa umeanguka, kijana. Hivyo ndivyo unavyosimama."

Mdogo wangu akatazama viatu vyake.

"Matawi yako wapi?"

Msimamizi alikuwa ghafla na jambo la kutazama kwenye mtende. Ndipo Mganda akakohoa, kikohozi chepesi, cha mtu anayepona, akasema, "Tumeyachemsha, Baba."

"Mmeyala?"

"Hapana, Baba. Tumejifunika nayo." Akashindwa kueleza, akavua koti, akaliweka kichwani, akachuchumaa kwenye kokoto akavuta pumzi kwa nguvu, huku akitoa sauti ya maji yanayochemka. Mtu mzima wa miaka hiyo. Ningekuwa na nguvu ningecheka.

Baba alimtazama. Akapiga chafya. "Inasaidia?"

"Jana nilikuwa trekta," Mganda akasema. "Leo mimi ni baiskeli."

Yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu, na bado siamini kwamba wanaume wana akili sawasawa. Baba aliuliza kama majani yamebaki. Yalikuwa yamebaki, yamenyong'onyea kwenye wilbaro. Akaagiza sufuria. Nilichemsha mimi, nani mwingine? Zulia la majlis, sebule ya wageni, likakunjwa, sufuria ikawekwa, na mzee aliyevuka bahari, akaandika barua, akazika miche, akaingia chini ya blanketi langu la maua pamoja na aliyekata mti wake, kwa sababu mdogo wangu alisisitiza kwamba peke yake atajiunguza. Walikaa humo. Nilisikia mdogo wangu akimwelekeza: "Kwa pua, Baba. Toa kwa mdomo. Usifungue macho." Nadhani hakuna mvuke wa gharama kuliko ule uliowahi kuvutwa duniani, na ulivutwa na watu wawili wenye makamasi. Baba alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Mvuke hufanya hivyo. Sikuuliza.

Alifuta uso, akanywa maji, akanigeukia mimi, si mdogo wangu.

"Uliniambia ni mtu wa kusikia."

"Nilisema, Baba."

"Si wa kusikia."

"Si wa kusikia," nikakubali. "Lakini si mwizi, na hakukuficha."

Sikumwambia ni nani aliyetaka kuficha. Nyuma yangu kanzu ilipumua.

"Asiguse tena kitu chenye mizizi," Baba akasema. "Mchungaji ameandika, harudi. Ndugu yako akitaka, achukue mbuzi, na bataka itoke. Asipotaka, tiketi ni juu yangu. Aseme kabla sijatoka msikitini." Akainuka, akaenda kujiandaa kwa swala. Wageni wake walikuja baada ya alasiri kama walivyoalikwa, wakakaa kuzunguka ile nguzo, wakanywa kahawa, wakamlaumu kwa kicheko kwamba alitaka kuwaonyesha kondoo akawaonyesha mfupa. Alicheka nao. Lakini hayo ni ya baadaye.

Jikoni mdogo wangu aliegemea friji.

"Mbuzi, Dada."

"Nimesikia."

"Mimi nina diploma."

"Ilete nayo tuichemshe."

"Sikuja Qatar kuchunga. Watu wa kwetu wakijua nachunga mbuzi wa Mwarabu watanicheka hadi nizeeke."

"Basi rudi ukawachekeshe ukiwa karibu."

Mimi nilikuwa na vitunguu mkononi, na nilikuwa nimechoka kwa uchovu ambao si wa siku ile. Nilimwambia, "Mbuzi wa watu nimechunga mimi, asubuhi kabla hujaamka, ili wewe ukiamka uvae sare uende shule. Nilichunga nikiwa na umri ambao wewe ulikuwa unalilia baiskeli. Sikufa. Hakuna aliyenicheka ambaye ninamkumbuka jina. Sasa ni zamu yako, na usiponiambia hapa, usiniambie kabisa, kamwambie Baba."

Alikaa kwa muda mrefu akikwangua alama kwenye mlango wa friji. Mwadhini wa msikiti wa jirani alikuwa ameshamaliza. Kisha akavua shati jeupe nililolipigia pasi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akatoka na fulana.

Bataka ilitoka. Mti sijui. Baba anasema karibu na mchanga pameonekana chipukizi, jekundu, dogo kama ulimi wa paka, na kila Ijumaa anainama kulitazama mpaka magoti yanalia. Ananiita nikaone. Naenda, natazama, nasema mashallah, narudi kwenye kazi zangu. Kwangu mimi bado ni mti usiojua kusimama, kutoka mahali ambapo hata mbuzi angeomba nauli aondoke. Lakini makuti ya upande wa upepo yalipoanguka nilimwambia Mganda ayarudishie siku hiyo hiyo. Sipendi kitu kikae ovyo.

Juzi nilimpelekea mdogo wangu chakula zizini. Amenunua kofia ya sufu, ana fimbo, ana sauti mpya ya kuita. Mbuzi wanamfuata, siwezi kusema uongo. Ada ya chuo cha uuguzi mwezi huu nusu ameituma yeye, kabla sijamkumbusha. Alikula amesimama, huku akinyooshea kidole huku na kule.

"Hawa mbuzi, Dada, wamefugwa vibaya sana. Kwanza hizi kwato. Ona. Zimeachwa zimekua mpaka zimepinda. Na huyu beberu mzee anawaharibu wengine, ningekuwa mimi..."

"Umemuuliza Baba?"

"Kwani Baba anajua mbuzi?"

Nikamnyang'anya sahani kabla hajamaliza, nikasimama mbele ya yule beberu, na sikuondoka hapo mpaka alipotoa kisu mfukoni akanipa.